Bafu Nililoliziba Mwenyewe

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma mahali pasipostahili. Hasira zangu si za mkono, ni za mdomo. Nikishaudhika sauti hupanda yenyewe, na maneno hutoka kabla sijayakagua. Walionizoea husema mwacheni, atapoa. Ni kweli hupoa, lakini maneno huwa yameshafika yalikokwenda.

Wakati ninaousimulia nilikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Korogwe. Kabla ya hapo nilikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Mnyuzi, mashirika yakaanza kupunguza watu, nikapunguzwa. Nilitoka pale nimenuna kama nimefiwa, kumbe ndiyo heri yangu. Ilikuwa enzi za ruksa. Vitu ambavyo miaka michache nyuma ungevipata kwa kibali na kwa kujuana, sasa vilishushwa kwenye malori mchana kweupe: rangi za kila namna, vitasa vinavyong'aa, masinki, marumaru zenye maua. Mtu aliyekuwa akipanga foleni ya sabuni akawa anasimama mbele yangu kuchagua rangi ya sinki la choo. Na mimi ndiye niliyemshauri, maana nilijiona nimeukata.

Nikajenga. Vyumba vitatu na sebule, na ndani kwa ndani, bafu. Si bafu la mabati la uani, hilo lilikuwepo pia, lilibaki tangu mafundi walipokuwa wakijenga. Hili lilikuwa bafu la ndani, lenye bomba la mvua, kuta za marumaru nyeupe, na chini trei, yaani lile beseni pana unalosimama ndani yake ukioga. Trei niliiagiza Tanga, na mtaani kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Mgeni akija nilimwonyesha bafu kabla hajakaa. Nilikuwa nafungua maji aone yanavyoshuka. Mke wangu alikuwa akisema kwamba nyumba yetu mtu anakaribishwa bafuni kwanza, sebule baadaye, na wageni walicheka, na mimi nikacheka nao, sikujua kwamba nasemwa.

Pale trei inapokutana na ukuta pana upenyo mwembamba, na upenyo huo huzibwa kwa silikoni. Ni kitu laini kama dawa ya meno, kinakaa kwenye mrija mkubwa, unakikamua kwa chuma chenye kifyatulio kama cha bunduki, na kikikauka kinakuwa mpira. Aliyejenga ndiye aliyeipiga mara ya kwanza. Baada ya mwaka na kitu ikaota weusi na kuanza kubanduka pembeni. Mke wangu akasema tumwite fundi. Nikamwuliza fundi wa nini, silikoni si nauza mimi? Fundi mwenyewe ananunua kwangu, halafu anifundishe kukamua mrija niliomuuzia?

Hata hivyo yule fundi aliyejenga alipopita dukani nilimchokonoa, kijuujuu tu, asije akajua kwamba sijui. Akanieleza bila kinyongo. Ya zamani yote itoke, ikwanguliwe kwa wembe mpaka marumaru yenyewe ionekane. Pafutwe kwa spiriti. Bafu liachwe likauke siku nzima, zikiwa mbili ni bora. Akaniambia pia kwamba ile trei yangu imelazwa juu ya mchanga, ukiikanyaga inabonyea kidogo na upenyo unafunguka, kwa hiyo niweke uzito ndani yake kwanza ndipo nipige. Na nikishapiga, nisioge humo mpaka kesho yake. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, na moyoni nikasema huyu anataka kuifanya kazi ya saa moja iwe ya siku tatu.

Nilikuwa na haraka kwa sababu mama mkwe alikuwa anakuja. Yeye ni wa Misima, Handeni, na alikuwa aje kutolewa mtoto wa jicho hospitali. Angesindikizwa na kaka wawili wa mke wangu, na hao ndio niliotaka walione bafu langu likiwa jeupe pe, wakasimulie huko kwao. Basi siku moja kabla, asubuhi, nikiwa nimetoka kuoga na kuta bado zinatoka jasho, nikachukua mrija, nikapiga silikoni mpya juu ya ile ya zamani. Nikailainisha kwa kidole chenye sabuni. Haikuchukua hata saa. Ilitakata, nakwambia. Nikamwita mke wangu aje aone. Jioni nikaoga humo humo.

Hapa ni lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hadithi haieleweki. Kwetu mkwe ni mkwe. Mimi na mama mkwe hatukupeana mkono hata siku moja tangu nioe. Tulisalimiana kwa mbali, mimi shikamoo, yeye marahaba baba, kila mtu akitazama pembeni. Sikuweza kula naye. Chumba anacholala sikanyagi kizingiti chake, hata kama nyumba ni yangu na nimeijenga kwa jasho langu. Na yeye, mahali ninapovua nguo kuoga, hapatii mguu wake. Kwa hiyo bafu langu la kifahari hakuliona kabisa. Mke wangu alimpelekea ndoo ya maji ya moto kwenye bafu la mabati uani, na huko ndiko alikooga siku zote alizokaa kwetu.

Alifanyiwa upasuaji salama, akarudi nyumbani amefungwa jicho moja, na lile la pili lilikuwa limeshafifia zamani. Kitanda alikiogopa, akasema ataanguka. Nikanunua godoro jipya, mke wangu akalitandika sakafuni, akalisogeza likagusana na ukuta ili mama akiamka apapase ukuta na kujua mlango uko wapi. Ukuta huo ndio uliotenga chumba kile na bafu langu. Nyumba nimechora mimi, nilijua hivyo. Ila sikuwa na sababu ya kulifikiria.

Siku ya tatu asubuhi niliona godoro limeanikwa uani. Nikapita. Siku ya nne limeanikwa tena, na safari hii nikaliona doa, upande mmoja, limejichora ukingo wa rangi ya chai. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na bafu la mabati, anafua. Mama wa watu, jicho limefungwa, anafua nguo zake mwenyewe asubuhi na mapema kwa kupapasa. Siku ya tano vivyo hivyo.

Jioni hiyo mke wangu akanijia sebuleni, akaongea polepole, kwa namna aongeavyo mtu aliyepanga maneno yake. Alisema godoro la mama linalowana upande wa ukutani, na yeye anadhani huenda ni bafu linavujisha. Ukuta haukuonyesha kitu, nilikuwa nimeupaka rangi ya mafuta mpaka kiunoni, unyevu haupenyi ukaonekana. Lakini yeye alihisi. Alitaka tu niache kuoga mle siku mbili, tuone.

Siku mbili tu. Ndiyo gharama yenyewe aliyoniomba.

Nikapandwa na hasira. Nilimwambia silikoni ile nimepiga mwenyewe kwa mikono yangu, hakuna tone linalopita pale. Nilimwambia yeye na kwao hawajui bafu ni nini ndiyo maana kila unyevu wanauona umetoka bafuni. Nikaenda chumbani nikaleta kile nilichokuwa nimekinunua mchana, nimekificha kwenye gazeti: shuka la mpira, lile wanalowatandikia wagonjwa hospitali. Nikamtupia. Halafu nikasema, kwa sauti ambayo nyumba ya vyumba vitatu haiwezi kuimeza:

"Godoro jipya kabisa. Kama mtu mzima hawezi tena kujizuia, si aseme atandikiwe mpira kama mtoto?"

Mama mkwe alikuwa na kikohozi kidogo siku zile, cha vumbi la safari. Tangu magharibi kilikuwa kinasikika kutoka chumbani kwake. Nilipomaliza kusema, kikanyamaza. Mpaka naandika haya sijui kinachonitesa zaidi ni kipi, niliyoyasema au jinsi yule mwanamke alivyojizuia kukohoa ili mimi nisijue kwamba amesikia.

Asubuhi alisema amewakumbuka kuku wake. Mke wangu akamkumbusha kwamba daktari amemtaka arudi baada ya wiki, akasema hata Handeni dawa zipo. Alifunga kanga zake kwenye mfuko. Lile shuka la mpira alikuwa amelikunja vizuri, akaliacha juu ya godoro, halijatandikwa. Nilisimama mbali, nikamtakia safari njema, akaniitikia haya baba, Mungu akuzidishie. Mke wangu akampeleka stendi. Mimi nikaenda kufungua duka, na nakiri kwamba nilikwenda nikiwa na nafuu.

Yaliyofuata nyumbani kwangu hayakuwa ugomvi. Afadhali ungekuwa ugomvi, huo naujua. Mke wangu alipika, akafua, akaniuliza kama nimekula. Ila bafu la ndani akaliacha. Hakutangaza. Siku moja nikaona tu ndoo yake inaelekea uani, kwenye mabati, na tangu hapo akawa anaoga huko, mvua inyeshe, jua liwake. Nilimdhihaki mara mbili tatu, kwamba mtu kaukimbia ustaarabu, akapita na ndoo yake.

Haikupita miezi miwili mdogo wake mama mkwe akafariki, mama mdogo wa mke wangu, huko huko upande wa Misima, kijiji cha pili kutoka kwao. Nilimpa mke wangu nauli, akaenda maziko, akakaa matanga mpaka yakaisha. Mimi nilikwenda siku ya kuzika tu, nikarudi dukani. Aliporudi nilimwuliza mambo yalikwendaje, akasema watu walikuwa wengi. Nikamwuliza hali ya mama, akasema mama yupo. Akaingia jikoni.

Masika yakaja, na stoo ya duka ikaanza kuvuja. Nikahamishia mifuko ishirini ya saruji nyumbani, nikaipanga kwenye kile chumba alicholala mama mkwe, kwa kuwa sasa kilikuwa chumba tu, naruhusiwa kuingia. Niliipanga vizuri, ukutani, mistari minne. Baada ya wiki kadhaa mteja akataka mingi kwa mpigo, nikaenda kuitoa. Ya juu ilitoka. Ya chini kabisa nilipoishika haikunyanyuka. Nikavuta, karatasi ikachanika, na ndani yake jiwe. Mifuko mitano, imeganda kama imejengewa pale.

Nikapiga kelele, nani kamwaga maji humu. Mke wangu akaja, akasimama mlangoni. Akaniangalia, mwiko mkononi, akaangalia ule ukuta, akaniangalia tena. Na hapo, jamani, hasira ilinitoka kama upepo kwenye mpira uliochomwa na mwiba. Nikapiga magoti. Nikapitisha kiganja chini, pale sakafu inapokutana na ukuta, kikatoka kimelowa. Nikakinusa. Kilinukia sabuni yangu ya kuogea, ile ya manukato niliyokuwa nikiitoa dukani kwa jirani, ambayo ndani ya nyumba ile hakuna mwingine aliyeitumia.

Nikawa mdogo kama kidonge cha piritoni.

Nikaenda bafuni. Nilishika ncha ya ile silikoni kwa kucha, nikavuta, ikaja yote nzima nzima, kutoka pembe hii mpaka pembe ile, kama utando wa maziwa yaliyochemka. Haikushika mahali popote. Chini yake ile ya zamani ilikuwa nyeusi, inateleza, na maji yamekaa katikati yanasubiri mtu akanyage trei yapate kupita. Kila jioni nilipokuwa nikisimama pale naimba, maji yangu machafu yalikuwa yakishuka kumlowanisha mama wa watu upande wa pili, gizani, hana macho ya kuyaona.

Na alikuwa mtu wa sala. Hilo lilinijia nikiwa bado nimeshika ule utando. Mtu wa sala tano akiamka amelowa, na haoni, na hajui kwamba ukuta ule una maji, atadhani nini? Ndiyo maana alikuwa anafua alfajiri. Alikuwa anajitakasa na najisi isiyokuwa yake.

Nililiziba upya, na safari hii nilifuata kila neno la fundi. Nilikwangua kwa wembe siku mbili. Vidole vilichanika, silikoni ya zamani huacha ngozi nyembamba ambayo huioni mpaka uipapase, na ukiiacha mpya haishiki. Nikafuta kwa spiriti, nikaacha mlango na dirisha wazi, nikafunga maji kabisa, nikapeleka ndoo yangu uani kwenye mabati nikaoga huko na mjusi. Mapengo ya mchanga chini ya trei nikayashindilia kwa saruji kwa kadiri mkono ulivyofika. Kisha nikabeba mifuko miwili ya yale mawe, nikailaza ndani ya trei ili ibonyee na upenyo ukae wazi, nikabandika utepe wa karatasi juu na chini, nikakamua mrija taratibu, kwa mkupuo mmoja, bila kusimama njiani. Nikalainisha mara moja tu, nikabandua utepe.

Mke wangu alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Sikuwa nimemwita. Nilimaliza, nikabaki nimepiga magoti, sikuwa na ubavu wa kugeuka.

"Bafu umeliziba," akasema. "Na mama yangu?"

Nikamwambia aende yeye akamweleze, mama na mwanawe wanaelewana. Akakataa. Alisema akienda yeye, mama ataona mtoto anamfunikia aibu tu, anamtungia kisa cha bafu. Maneno ya kumwaibisha yalitoka kinywani mwangu, na ya kumsafisha yatoke hapo hapo.

Sasa mkwe anamwombaje msamaha mkwe wake, juu ya jambo ambalo hata kulitaja mbele yake ni utovu mwingine? Kwetu njia ni moja, ni mshenga. Yule aliyepeleka posa yako ndiye anayebeba na makosa yako mpaka unakufa. Mshenga wangu alikuwa mzee mmoja wa Handeni mjini, fundi baiskeli, mtu wa maneno mengi na vicheko. Nilimkuta amepindua baiskeli ya mtu, anatoa mnyororo. Shikamoo, marahaba, za Korogwe. Nikamwambia nina kosa ukweni. Akauliza mwanamke mwingine? Nikasema hapana. Akauliza nimempiga mtoto wao? Hapana. Basi sema, akasema, mbona unajikunja kama mwari.

Kumweleza ilinichukua muda mrefu kuliko kupiga silikoni. Nilipofika kwenye godoro alicheka, nami nikadhani mambo yatakuwa mepesi. Nilipofika kwenye shuka la mpira aliacha kucheka. Akafuta mikono kwenye tambara, kidole kimoja kimoja, akaniambia katika ushenga wake wote amepeleka habari za ulevi, za ngumi, za nyumba ndogo, ila hii hajawahi kuipeleka.

Tulikwenda Misima tukiwa na doti ya kanga na beberu. Mama mkwe alikaa ndani, nyuma ya mlango uliorudishwa nusu. Sisi tulikaa nje kwenye mkeka. Nilikuwa karibu kiasi cha kusikia akivuta pumzi, lakini maneno ilibidi yapite kwa mzee, yeye aseme mwambie, mzee aniambie. Mzee alilieleza jambo kwa ustadi, hakutumia hata neno moja chafu. Alisema nyumba ya mkwe wako ilikuwa na kidonda ukutani, maji yake yakapita mahali ulipolaza mbavu zako, na mkwe wako kwa ujinga na kiburi aibu hiyo akaitupia kwako. Amekuja kuichukua.

Kisha mama mkwe akauliza kama naapa. Mzee akanigeukia, nikaapa. Akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi, kama maji yale yalikuwa ya bafu siku zote alizolowa. Nikasema zote.

"Mwambie," akasema, "mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamini."

Akaeleza, na mzee hakuyarudia tena, maana nilikuwa nasikia na yeye alijua. Tangu arudi kutoka kwetu, ikifika alasiri hanywi maji. Chai hanywi. Godoro alilopewa na mwanawe wa kiume amelirudisha, analala juu ya ngozi ya mbuzi ili iwe rahisi kuosha. Hakulowana hata siku moja, lakini alidhani ni kwa sababu hanywi. Na mdogo wake alipofariki, tumbo moja, ziwa moja, hakulala matanga. Wanawake wote walilala chini pale, mikeka imeungana, bega kwa bega, siku zote, na yeye, mkubwa wa ukoo, ikifika jioni alijifunga kanga na kurudi kwake, mwendo wa saa nzima, akarudi asubuhi. Aliogopa kuwalowanishia watu mkeka. Wakamwuliza, hakuwa na jibu la kuwapa. Watoto wa marehemu wakaona mama mkubwa hana uchungu na mama yao. Mpaka siku ile hawakuwa wanamsalimia.

"Mwambie nimemsamehe. Kanga nazipokea, na mbuzi napokea. Ila aende akawaambie wale watoto. Nikisema mimi, au mwanangu, wataona tunajitetea. Aliyesema ni yeye, aende yeye."

Nikaitikia ndiyo mama, moja kwa moja, bila kupitia kwa mshenga, na hakuna aliyenikemea kwa hilo. Nilikuwa nalia.

Tulipotoka mzee akaniambia ni hapo tu, kijiji cha pili, tunyooshe miguu tumalize. Nikatazama saa. Nikasema basi la Korogwe litatuacha, nitarudi wiki ijayo nikiwa nimejiandaa.

Wiki ijayo palikuwa na mzigo wa kushusha. Baada ya hapo ikawa mfungo, nikasema si vizuri kuwapelekea watu habari za najisi mwezi mtukufu. Kisha kilimo, watu wako mashambani. Hizo zote ni sababu za uongo, nazijua. Ukweli ni kwamba kila nilipojiona nimesimama mbele ya wale watoto wa marehemu, watu wazima wenye familia zao, nikiwaambia kwamba mimi, mwenye duka, mwenye bafu la ndani, nilimsingizia mama yao mkubwa kuwa ni kikojozi, ulimi uliganda. Mdomo uliokuwa mwepesi vile kumwumiza, ukawa mzito kumtetea. Mke wangu alinikumbusha mara mbili. Mara ya tatu hakunikumbusha.

Ilipita miaka miwili. Mama mkwe akaugua tumbo wiki moja, akafariki.

Nilikwenda Misima siku ile ile, na nilikaa. Tulimzika baada ya adhuhuri. Wale watoto wa mdogo wake walikuja wote wanne, wakatupa udongo, wakakaa kidogo, wakala walichoandaliwa. Mikeka ilikuwa inatandikwa ndani kwa ajili ya wanawake, na mke wangu alikuwa anawahesabia nafasi dada zake wa kwa mama mdogo, ukutani, karibu naye. Ilipofika alasiri wakasimama. Wanawake wakajifunga kanga zao vizuri, kama watu wa safari.

Niliwafuata mpaka barabarani. Nilikuwa na maneno yote, nimekaa nayo miaka miwili, yalikuwa hapa mdomoni. Mkubwa wao akanipa mkono.

"Sisi tunarudi, shemeji," akasema. "Kwetu huwa hatulali matanga."

Alinitazama usoni aone kama nimeelewa, na akanipa nafasi, maana hakuuachia mkono wangu upesi.

Nikamwambia asanteni kwa kuja, njia njema.